Mkumbushaji wa Dhambi za Liévin

Liévin Mwaba aliogopa kitu kimoja tu, na kitu hicho hakikuwa hapa duniani. Askari wa Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, hawakumtisha. Kapita, msimamizi wa kiwandani, yeye alimjibu mbele ya watu bila woga. Hata ugonjwa wa mapafu, uliompata baada ya miaka mingi ya kuvuta moshi wa tanuri za shaba, aliupokea kama mgeni aliyekwisha kutuma habari. Kilichomtoa jasho ni kile walichofundishwa kila Sabato katika kanisa dogo la matofali karibu na kambi yao, pale Élisabethville: kwamba mbinguni hukumu imekwisha kuanza. Vitabu vimefunguliwa, majina yanasomwa, ya wafu kwanza, kisha ya walio hai, na hakuna ajuaye zamu yake. Jina lako likifika, dhambi uliyoiungama inafutwa. Ile ambayo hukuiungama inabaki imeandikwa, na hiyo moja inatosha kukupoteza.

Mke wake, Victorine, alizaliwa Mkatoliki, kwa watu wa Kongolo waliokuja kusini kufanya kazi ya reli. Kwao dhambi ilikuwa kitu cha kumpelekea padri Jumamosi jioni, ukapewa sala zako, ukarudi nyumbani kupika. Alipomfuata mume wake kwa Wasabato alishangaa kusikia kwamba huku hata dhambi iliyosamehewa inabaki kitabuni ikingoja kusomwa. Lakini alizoea. Mwanamke wa kambi huzoea mengi.

Jambo ambalo hakulizoea ni kifo cha Kapya. Kapya alikuwa mdogo wake, ambaye Victorine alimbeba mgongoni mama yao alipokuwa akienda shamba. Naye alimfuata dada yake kwa Wasabato, na alikuwa mtu wa maswali. Siku moja, katika darasa la Sabato, aliuliza kama majina ya Wazungu nayo yanasomwa katika kitabu kilekile, na kama mkuu wa kambi atasimama mstari mmoja na boyi wake. Watu walicheka, wengine walitazama chini. Haukupita muda, askari wakamchukua, wakisema yeye ni Kitawala, ile dini iliyokatazwa na serikali kwa sababu iliwaambia weusi kwamba utawala wa Wazungu unakwisha. Kapya hakuwa Kitawala hata chembe. Wakampeleka mbali, kwenye kambi ya waliofukuzwa, na huko akafa kwa kuhara damu. Victorine hakuliona hata kaburi. Miaka yote hiyo alimshuku jirani mmoja aliyehamia Jadotville, akawa anamlaani kila alipokoroga bukari, ugali wa kwao.

Basi, Liévin alipozidiwa, mzee wa kanisa, Adalbert Kunda, alikuja nyumbani na shemasi wake Pierre kumletea meza ya Bwana. Kwa Wasabato, kabla ya mkate huja beseni: ndugu humwosha ndugu miguu, na kama kuna neno baina yao linasemwa hapo na kuisha hapo. Pierre alipiga magoti kando ya kitanda. Liévin akavuta miguu yake.

"Kwanza bibi yangu," alisema. "Miye njo nitamuosha."

Wakamshusha. Victorine akakaa kwenye kiti, miguu ndani ya maji, akiona haya kuoshwa na mgonjwa. Liévin alikuwa anakohoa na kumimina maji kwa kiganja, na bila kuinua kichwa akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "Mama Edith, Kapya njo miye nilimutoa. Nilienda ku biro, nikasema yee iko Kitawala. Nilikuwa naogopa batafunga kanisa juu ya maulizo yake. Na tena balikuwa banatafuta mwalimu wa darasa, bantu balimupenda yee kupita miye. Unisamehe."

Mzee Adalbert alimtazama Victorine kwa jicho la kumsukuma, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Pierre alishika taulo. Mwanamke mwenye miguu ndani ya beseni, mume wake anayekufa akiwa chini mbele yake, na wanaume wawili wa kanisa wakingoja, atasema nini?

"Nimekusamehe," alisema Victorine.

Wakafuta machozi, wakala mkate, wakanywa maji ya zabibu, wakaimba. Liévin alirudishwa kitandani na akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu masika. Victorine akamwaga maji nyuma ya nyumba, akasimama pale na beseni tupu. Hapo ndipo hasira ilipomfikia, imechelewa. Msamaha wake ulikuwa umechukuliwa, hakuutoa. Kapya alikuwa ameoza porini bila mtu wa kumlilia, na huyu alikuwa anakoroma. Alimchukia mume wake kwa chuki safi, isiyo na kelele, na chuki hiyo ilimtuliza.

Asubuhi alimpelekea uji, akamshika kichwa vizuri, akamnywesha. Akauliza, "Baba Edith, uliungama yote?"

"Yote. Sasa niko mwepesi."

"Na ile samaki ya bila magamba ulikulaka ku arusi, kule Kipushi? Ile uliungamaka?"

Kijiko kilibaki hewani. Liévin alitafuta, akatafuta. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na yeye alikuwa amekula, kweli, na kulamba vidole. Alikuwa amesahau kabisa. Victorine akaiona ile hofu ikirudi machoni mwake, taratibu, ikakaa mahali pake pa zamani.

"Mungu aksanti wewe unakumbuka," alisema Liévin, akaanza kuomba.

Tangu siku hiyo Victorine alikuwa na kazi. Hakupaza sauti hata mara moja. Alimwosha, alimgeuza asipate vidonda, alimtwangia sombe, majani ya muhogo, yawe laini kwa sababu meno yalikuwa yanamuuma, na kila siku alimwachia dhambi moja ya kulala nayo. Kuna Sabato aliyokwenda kiwandani kisha akasema kanisani kwamba alikuwa mgonjwa. Kuna baiskeli ya Pierre aliyoivunja akamsingizia mwingine. Kuna binti yao, Edith, aliyempiga kwa kosa lisilo lake kabla hajaolewa. Liévin aliwaita wahusika mmoja mmoja, akawaomba radhi. Watu walikuja, walishangaa, walisamehe. Edith alikuja kutoka Jadotville, akalia sana. Mzee Adalbert alisema kanisani kwamba ndugu Liévin anatanguliza dhambi zake mbinguni zikafutwe, kwa mfano wa kuigwa, na kwamba amepata mke msaidizi kweli. Wamama wakamtazama Victorine kwa heshima. Yeye akatazama mikono yake.

Lakini mtu hata awe mbaya namna gani, dhambi zake zina mwisho. Victorine aligundua hilo na akaudhika. Liévin alikuwa anaanza tena kulala.

Ndipo akaanza kutunga. Jambo lilikuwa rahisi, kwa sababu kabla ya kubatizwa Liévin alikuwa mnywaji wa lutuku, ile pombe kali ya kupika kwa siri, na kulikuwa na misimu mizima ambayo haikuacha kitu kichwani mwake. Victorine akamwambia kwamba siku zile aliiba mbuzi wa mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu. Liévin hakukumbuka mbuzi. Alilia hata hivyo, maana kwa imani yao wafu wamelala na hawajui neno lolote, na marehemu hawezi kukusamehe. Jioni ile alikataa kula. Victorine aliketi kando yake akishona, akamsikia anavyopumua kwa shida na kuita jina la Mungu, na moyo wake ulifurahi. Nasema ulifurahi, sitatafuta neno jingine.

Jirani yao wa mlango wa pili alikuwa Claudine, mke wa Edouard Mwansa. Edouard alifanya kazi kwenye tanuri ileile aliyoiacha Liévin, na wote wawili walikuwa watu wa kanisa. Claudine alikuwa mwanamke wa kucheka ovyo, mkarimu kupita kiasi. Tangu Liévin alale kitandani, yeye ndiye aliyemchotea Victorine maji bombani, na alikuwa haji mikono mitupu: leo mboga ya lenga-lenga, yaani mchicha, kesho mafuta ya mawese. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Delphine, msichana mwenye meno ya mbele makubwa.

Asubuhi moja Liévin aliamka amechangamka. Alikuwa amelala usiku kucha. Aliomba chai, akamuuliza mkewe karibu kwa utani, "Haya, Mama Edith, kuko nini ingine?"

Victorine hakuwa na kitu. Alitazama dirishani, na wakati huohuo Claudine alikuwa anapita na ndoo kichwani, anamcheka mtu barabarani. Ni hivyo tu. Kama angepita mwingine, jina lingekuwa la huyo mwingine.

"Kuko moja," alisema. "Nilikuwa naficha juu ya kuona haya. Claudine."

"Claudine aje?"

"Ile mwaka nilienda Kongolo kuzika mama. Wewe ulibaki hapa na lutuku yako. Yee alikuwa bibi-arusi, Edouard alikuwa anafanya kazi ya usiku. Alikuwa anakuya kukufagilia nyumba. Bantu balinielezaka yote."

Liévin aliweka kikombe chini. "Sikumbuke."

"Lutuku haikumbukake kitu. Kitabu ya mbinguni njo inakumbuka."

Akachukua kikapu akaenda sokoni. Alijiambia kwamba hii atakufa nayo, maana mwanamume hawezi kuitoa kinywani mbele ya mwenye mke. Alitaka imwozee ndani. Alinunua vitunguu, akapiga gumzo na muuza dagaa, akarudi bila haraka. Jamani, ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa ya wengine. Alipokata kona ya kwao alikuta watu wamejaa uani kwa Edouard, na ndani Claudine anapiga yowe.

Liévin alikuwa amemtuma mtoto wa jirani amwite Edouard aliyetoka kazini, na amwite mzee Adalbert awe shahidi. Na alikuwa amesema yote. Alikuwa amesema mwaka, mazishi, ufagio. Edouard alikuwa mtu mpole, na mpole akishikwa na hasira hajui pa kuiweka. Alimpiga mkewe kwa mkanda wa kazini mbele ya Delphine mpaka wanaume wakamshika. Kisha akamvuta yule mtoto mlangoni, kwenye mwanga, akamshika kidevu, akawa anamkagua masikio na pua. Delphine alikuwa amezaliwa mwaka uleule wa mazishi ya Kongolo.

Kanisa liliketi. Claudine aliapa, akakana, akamwita Mungu. Wazee wakamwambia kwa upole unaochoma: dada, mtu anayekaribia kufa anaungama uzinzi, atapata faida gani akidanganya? Kubali tu, nawe dhambi yako itangulie. Akakataa. Wakasema anayekana dhambi iliyokwisha kuungamwa na mwenzake amejihukumu mwenyewe, wakalitoa jina lake kanisani. Na kambini, unajua mwenyewe, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu ambao hawakuwa wameona kitu walianza kukumbuka kwamba Claudine alikuwa anacheka sana.

Edouard alimrudisha kwao Kasungami pamoja na mtoto. Walipita mbele ya mlango wa Victorine, Claudine na mzigo wa nguo, jicho moja limeziba kwa uvimbe, Delphine nyuma yake amebeba sufuria. Edouard alifuata na baiskeli ili ahakikishe wameondoka, na majirani wakatoka kutazama. Claudine akasimama.

"Mama Edith," alisema, "siku zote zile ulikuwa Kongolo, miye sikuingia mu nyumba yako hata siku moja. Uliporudi ulikuta vumbi imejaa, njo wewe ulinielezaka hakuna mtu alifagia, na ulinipa kitenge ya kubebea mutoto. Unajua. Sema mbele yao."

Edouard alimtazama Victorine. Kusema kweli, alimtazama kama mtu anayeomba kuokolewa. Neno moja lingetosha siku hiyo. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nyuma ya dirisha Liévin alikuwa macho, anasikiliza. Kama Victorine angesema ni uongo, angekuwa amemwambia pia kwamba mbuzi ni uongo, na kwamba kitabu chake ni safi. Angempa raha. Alifikiria Kapya.

"Miye sikuwa hapa," alisema Victorine. "Nitajua nini?"

Claudine akamshika mtoto mkono wakaenda zao.

Kilichofuata Victorine hakukitarajia. Liévin akapona moyo. Mwili ulikuwa unakwisha, hata kijiko hakuweza kushika, lakini alikuwa anatabasamu. Alisema ile ya Claudine ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ndiyo iliyokuwa imemkalia kifuani bila yeye kujua, na sasa imetoka. Victorine alijaribu nyingine. Alimwambia habari ya sanduku la Mgiriki mwenye duka. Liévin akasema, "Ile nayo naungama," akalala. Haikumgusa tena. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kuingia ndani na kufunga mlango.

Na huku habari zikaja kutoka Kasungami. Baba yake Claudine alikuwa amemkataa, analala jikoni kwa shangazi. Delphine watoto wenzake wanamwita mtoto wa lutuku. Victorine akaacha kula. Usiniulize ni lipi lilitangulia, huruma kwa Claudine au hasira ya kumwona Liévin anatabasamu. Vilimjia pamoja, na yeye mwenyewe hakuvitenganisha. Alivaa kitambaa chake cha kichwa, akaenda kwa mzee Adalbert. Edouard naye alikuwepo pale.

"Ile ya Claudine ni miye nilitunga," alisema. "Hakuna kitu kilifanyika. Nilitunga juu ya kumutesa bwana yangu, juu ya Kapya. Hata mbuzi nilitunga. Murudishe mwanamuke mu nyumba yake."

Adalbert alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono kwa upendo kabisa. "Mama, tunaelewa. Aibu ya bwana ni aibu ya bibi. Lakini usibebe dhambi ya uongo juu ya kumufunika."

"Sifunike kitu. Ni uongo yangu."

"Siku ile Claudine alikuuliza mbele yetu bote," alisema Edouard, hakumtazama. "Ulisema haujue. Juu ya nini leo unajua?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliwaomba waje wamuulize Liévin mwenyewe, wote wawili, sasa hivi, na kwa heshima ya mgonjwa wakaja.

Liévin alikuwa amebaki macho na mifupa. Victorine akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote mbele yao, polepole, asikose neno: samaki ni kweli, Sabato ni kweli, mbuzi ni uongo, Claudine ni uongo. "Haukumugusa hata siku moja," alisema. "Nilikudanganya. Sema mbele ya Edouard ya kama haukumugusa, nakuomba, Baba Edith." Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza tangu lile beseni alikuwa anamlilia mtu aliye hai.

Liévin akauinua mkono, akauweka juu ya kichwa chake.

"Munaona bibi Mungu alinipa?" aliwaambia wageni. Sauti ilikuwa nyuzi tu. "Anataka kubeba yangu. Lakini mbele sikukumbuka, sasa nakumbuka. Nakumbuka hata kitenge alikuwa anavaa, ilikuwa na ndege ya manjano. Nakumbuka ufagio ilianguka."

"Hakuna ndege," alisema Victorine. "Hakuna ufagio. Baba Edith, hakuna."

"Wewe unaanza kusahau, mama," alisema Liévin. "Haizuru. Yote yamefutwa."

Edouard alitoka nje bila kuaga. Siku ya pili yake, saa za kuanika nguo, Liévin alikata roho, na uso wake ulikuwa umetulia hata majirani wakaitana kuja kuuona.

Walimzika vizuri. Alikuja hata pasta Mzungu. Claudine hakuonekana, na hakuna aliyemtaja. Edouard ndiye aliyemletea Victorine kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Adalbert alihubiri juu ya kaburi kwamba ndugu yetu amelala, hajui tena neno lolote, hawezi kuongeza wala kupunguza, na alichokisema kimebaki kama alivyokisema. Akasema jina lake huenda linasomwa saa hii, na malaika wanatafuta kitu cha kumshitaki nacho na hawakioni. Victorine alitazama lile jeneza, ndani yake mdomo pekee ambao ungeweza kumrudisha Claudine nyumbani.

Kisha mzee akamgeukia. Akawaambia watu wote kwamba mwanamume huyu hakukumbuka peke yake. Mke wake ndiye aliyekaa naye siku hadi siku, akimkumbusha dhambi moja baada ya nyingine, mpaka hata zile alizozisahau zikapatikana. Kazi hiyo, alisema, imeandikwa mbinguni kwa jina lake.

"Mama Victorine," alisema, "Mungu akulipe sawasawa na ile ulifanya."

Wamama wakajibu amina. Wote walikuwa wamemgeukia wanamngoja, basi naye akajibu.